SOMO LETU: KAZI YA MAFUNDI WANAOGEUZA PIKIPIKI KUWA YA MAGURUDUMU MATATU



Masomo ya ukurasa huu kwa kawaida huwa ni juu ya mikataba, saa za kazi na michango ya chama. Safari hii tutazungumza juu ya pikipiki. Najua ndugu wengine watauliza pikipiki ina uhusiano gani na chama cha wafanyakazi. Uhusiano upo, na ni mkubwa, maana pikipiki tunayoisema ilinunuliwa kwa mguu wa mwenzetu.

Ndugu yetu huyo alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha sukari, upande wa mashariki wa Uganda. Usiku mmoja, zamu ya pili, mnyororo wa kupandisha miwa ulianza kuzunguka kabla hajautoa mguu wake. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Chama kikafuatilia fidia. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, mfanyakazi aliyeumia hata hawezi tena kazi yoyote kwa maisha yake yote hustahili mshahara wa miezi 60, na aliyepoteza kiungo hupewa sehemu ya fedha hizo kwa kadiri ya kiungo chenyewe, kama jedwali la sheria linavyoonyesha. Mwenzetu alipata sehemu yake baada ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi kwa magongo, mwezi baada ya mwezi.

Akakaa na mkewe wakafikiri. Kusimama zamu ya saa nane hawezi tena. Pikipiki ya kawaida nayo hawezi, kwa sababu ukisimama ni lazima uteremshe mguu, na gia inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Lakini pikipiki ya magurudumu matatu husimama yenyewe, na nyuma yake hukaa sanduku la mizigo. Alikuwa ameona wenzake wenye ulemavu pale mpakani Busia, mahali ambapo jina la boda boda lilizaliwa, wakivusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Na wenzetu wa Kongo wanajua jinsi walemavu walivyofanya biashara ya namna hiyo kwa miaka mingi kwa vivuko kati ya Kinshasa na Brazzaville. Akanunua pikipiki, akaipeleka kwa karakana moja yenye sifa ya kugeuza. Siku mbili akakabidhiwa. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu inayong'aa, na jina la binti yake limeandikwa ubavuni. Fedha ya mguu ikaishia hapo.

Mwezi wa pili, akiteremka mlima na magunia manne ya mahindi na mwanawe wa kwanza amekaa juu yake, alifunga breki. Pikipiki ikavuta upande wa kulia. Akasikia mlio wa chuma, na gurudumu la kushoto likapinda ndani. Ikalala mtaroni. Mtoto akavunjika mkono. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu.

Ndipo mkewe alipokuja ofisi ya tawi. Tukaenda kutazama sisi pamoja na wachomeleaji wawili wa kiwandani na fundi mmoja wa boila. Yale tuliyoyaona pale mtaroni ndiyo somo letu.

PIKIPIKI ILIYOGEUZWA SI PIKIPIKI ILIYOONGEZWA GURUDUMU

Sisi tunaoandika hatukusoma uhandisi. Tuliishia darasa la saba, na tunayoyajua tumeyapata kwa kushika spana na kwa kuuliza. Lakini jambo hili la kwanza mtu yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli ataliona mara moja.

Pikipiki ya magurudumu mawili ikipita kwenye kona hulala upande. Kwa kuwa inalala, uzito wote huteremka kwenye gurudumu kwa kufuata fremu, kutoka juu kwenda chini. Fremu yake imetengenezwa kubeba uzito wa namna hiyo. Ukiifunga magurudumu mawili nyuma, haiwezi tena kulala. Kwenye kona inabaki wima, na uzito unaisukuma fremu ubavuni, kama mtu anayeng'oa nguzo kwa kuitikisa huku na huku. Fremu haikutengenezwa kwa mtikiso huo. Mahali panapoumia ni pale ekseli mpya ilipoungwa na fremu ya zamani, karibu na ule uma wa nyuma ulioshika gurudumu la zamani. Hapo ndipo fundi mzuri hutumia siku nzima, na fundi mbaya hutumia nusu saa, na macho ya mteja hayafiki hapo kwa sababu sanduku limepafunika.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani kampuni ya Harley-Davidson ilitengeneza pikipiki ya magurudumu matatu iitwayo Servi-Car tangu mwaka 1932 hadi 1973. Magereji waliitumia kwa kuchukua na kurudisha magari ya wateja, na polisi waliitumia kukagua magari yaliyoegeshwa mijini. Hiyo ilitoka kiwandani tayari na magurudumu yake matatu. Kugeuza ni habari nyingine. Ile Honda Gold Wing iliyoanza kuuzwa mwaka 1975 iliendelea kukua hata ile ya mwaka 2001 ikapita kilo 350, na mzee wa miaka sabini au mtu aliyeumia goti hawezi kuushikilia uzito huo kwa miguu yake anaposimama kwenye taa za barabarani. Kwa ajili ya watu hao yakatokea makampuni yanayouza sehemu nzima ya nyuma ndani ya sanduku: ekseli, difu, magurudumu mawili na bodi yake, pamoja na kijitabu kinachosema kila nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Kisha wako mafundi ambao kazi yao ni kufunga tu. Sasa angalieni. Sanduku ni moja, kijitabu ni kimoja, lakini pikipiki mbili zilizofungwa na mafundi wawili hazitoki sawa. Yule anayekaza kwa spana ya kupimia na yule anayekaza mpaka mkono uchoke hawafanyi kazi moja, ingawa wote wawili huandika risiti ileile.

Kwetu hakuna sanduku. Fundi wa Katwe mjini Kampala, wa Kamukunji Nairobi, au wa Gerezani Dar es Salaam hununua bomba, chuma cha pembe na ekseli ya mtumba, akapima, akakata, akaunga. Mafundi hodari wako huko, tena hodari kuliko wengi wenye vyeti. Lakini kwa kuwa hakuna kijitabu, ubora wote umo ndani ya mikono yao na ndani ya saa walizopewa. Saa hizo tutazirudia baadaye.

MAGURUDUMU MAWILI YA NYUMA HAYAENDI MWENDO MMOJA

Chukueni kalamu. Tuseme kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita 1. Pikipiki ikizunguka duara kamili, gurudumu la nje litakwenda mita 6.28 zaidi ya lile la ndani. Haidhuru duara ni kubwa au dogo, hesabu ni ileile. Kwenye kona ya kawaida ya barabara, ambayo ni robo ya duara, tofauti ni zaidi ya mita moja na nusu. Wasiosadiki wachore mavumbini kwa kamba na vijiti viwili, kama tulivyofanya sisi mbele ya ofisi ya tawi mpaka watoto wakaja kutucheka.

Basi fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni kufunga magurudumu yote mawili juu ya ekseli moja ngumu. Hapo kwenye kila kona gurudumu mojawapo linaburuzwa. Matairi yanakwisha upesi, na mbele ya mashine inakataa kugeuka, inataka kwenda moja kwa moja. Ya pili ni kuachia gurudumu moja lizunguke bure na kupeleka nguvu ya injini kwa lile jingine tu. Ni rahisi na kwa mzigo mdogo na mwendo wa polepole yafaa. Ya tatu ni difu, ambayo hugawa nguvu kwa magurudumu yote mawili na kuyaacha yaende mwendo tofauti. Ni ghali, na inataka fundi anayejua kuilinganisha na mnyororo.

Karakana ile ilichagua njia ya pili. Hatuwalaumu kwa hilo. Mnyororo ulivuta gurudumu la kulia, la kushoto likazunguka bure. Kosa lao ni breki. Breki waliiweka kwenye gurudumu la kulia peke yake, kwa sababu ngoma ya breki ya zamani ilikuja pamoja na gurudumu la zamani, na gurudumu la kushoto lilitoka kwenye pikipiki nyingine iliyokufa, halina kitu. Kwa hiyo mwenzetu akikaza moto mashine ilielekea kushoto, akifunga breki ilielekea kulia. Alikuwa amekwisha kuzoea. Alituambia, "Nilidhani ndivyo zilivyo zote." Barabara tambarare na mzigo mwepesi, mkono wa mtu unaweza kurekebisha. Mlimani na magunia manne, hapana.

Tena hakukuwa na breki ya kuegesha. Pikipiki ya kawaida huiegemeza kwenye stendi yake haitoki. Ya magurudumu matatu iko juu ya matairi yake saa zote, na mlimani itaondoka yenyewe. Mwenzetu alikuwa akitembea na jiwe.

RANGI ILIYOKUWA NDANI YA KIUNGO

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mnachomelea au mnafanya kazi chini ya vitu vilivyochomelewa.

Kiungo cha kushoto kilikuwa kimeachana wazi, kama mdomo. Mchomeleaji wetu mkubwa akainama, akapangusa matope kwa kidole, akanyamaza. Kisha akatuita. Ndani ya kiungo, mahali ambapo chuma cha bomba jipya kilipaswa kuyeyuka na kuwa kitu kimoja na chuma cha fremu, tuliona rangi nyeusi ya kiwandani bado inang'aa. Chuma cha kijiti kilikuwa kimebandikwa juu, kama tope juu ya ukuta wenye mafuta. Kisha juu yake wakapitisha grinda mpaka kiungo kikawa laini na bapa, na hivyo wakaondoa hata ile nyama kidogo iliyokuwako. Halafu rangi ya buluu.

Ndugu, kiungo kizuri si lazima kiwe laini. Kiungo kilichoachwa na mistari yake midogo iliyofuatana sawasawa, kama magamba ya samaki, huonyesha mkono uliotulia. Kilichosagwa bapa huenda kinaficha jambo. Mkipelekewa kazi iliyosagwa na kupakwa rangi kabla hamjaiona, ulizeni kwa nini.

Ziko sababu nyingine za kiungo kuwa kibovu. Vijiti vya kuchomelea vikipata unyevu huacha vishimo vya hewa ndani ya chuma na mara nyingine nyufa. Vijiti vya karakana ile vilikuwa vimelala juu ya sakafu, wakati wa mvua. Bomba jembamba likiungwa na bamba nene, asiyejua atatoboa bomba, au atapunguza moto mno hata bamba lisishike. Na kutu isipokwanguliwa ni kama ile rangi.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho kila tawi linaweza kukifanya, na ndicho tulichokifanya kwa kiungo cha kulia, ambacho kwa macho kilikuwa kizima. Ondoeni rangi, safisheni chuma. Pakeni mafuta ya taa, muache kwa muda ili yapenye. Pangusani yakauke kabisa juu. Kisha pakeni unga wa chaki nyeupe na mngoje. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Kwenye kiungo cha kulia mstari ulitokea, mrefu kama kidole cha shahada. Mwenzetu alikuwa amesimama karibu na magongo yake akitazama mstari ule unavyojichora. Hakusema neno.

Kipimo hiki hakionyeshi ubovu uliofichika katikati ya chuma bila kufika juu. Hata hivyo ni bora kuliko kugonga kwa nyundo na kusikiliza, kama wengi tulivyozoea.

Kipimo kingine ni cha kamba. Pimeni kutoka katikati ya ekseli ya mbele, usukani umenyooka, mpaka ncha ya ekseli ya nyuma kushoto, kisha mpaka ncha ya kulia. Lazima vipimo viwe sawa. Vya mwenzetu vilipishana upana wa vidole viwili. Maana yake ekseli ilifungwa kwa mshazari, na mashine ilikuwa ikitembea kama mbwa, ubavu mbele. Mnyororo nao ulikuwa unakata meno ya gia upande mmoja.

Nyaya za taa zilipita katika tundu la chuma bila mpira wa kuzilinda, na plastiki yake ilikuwa imekwisha kukatika. Mpira wa petroli ulipita karibu na ekzosi. Hayo mtu mwenye macho anaweza kuyaona bila fundi, kwa hiyo hatuongezi.

Lakini tuseme na lililo jema. Gia waliitengenezea mkono mrefu wa chuma, ukapanda mpaka pajani, ili aibadilishe kwa mkono wa kushoto badala ya mguu. Kazi ile ilikuwa safi. Viungo vyake havikulegea, na boliti zake zilifungwa kwa pini. Fundi wa boila aliitazama sana akasema, "Aliyefanya hii anajua kazi." Tukashangaa itakuwaje mikono ileile itoe kazi mbili za namna hiyo.

TULIPOKWENDA KARAKANA

Mwenye karakana alitupokea vizuri, akatutafutia viti. Alipoona picha za kiungo alikasirika, akamwita kijana mmoja, hajafika miaka ishirini, akasema mbele yetu kwamba huyu ndiye aliyechomelea na leo hii anaondoka.

Mwenzetu akamwambia, "Bwana, ukimfukuza mtoto huyu, mkono wa mwanangu utanyooka?"

Tukaomba kuzungumza na kijana kando. Akatuambia hivi: "Wazee wangu, nilijua. Nilisema tukwangue rangi kwanza. Nikaambiwa kuna pikipiki tatu zinangoja na umeme utakatika saa kumi." Tukamwuliza habari ya mkono wa gia. Akatabasamu kidogo. Aliutengeneza usiku, kwa taa, baada ya wengine kwenda, kwa sababu alimwona mzee hana mguu na alitaka kujaribu. Hakulipwa kwa usiku ule.

Tukauliza na mengine. Vijana watano, kinyago cha kuchomelea kimoja. Wanaochomelea bila zamu ya kinyago hufumba macho. Malipo ni kwa kila pikipiki inayotoka mlangoni, si kwa siku, wala hakuna anayekagua kabla haijatoka. Pikipiki ikirudi na kasoro, wanaitengeneza bure. Basi kijana anayekwangua rangi na kukausha vijiti hupata nusu ya chakula cha mwenzake asiyekwangua. Mwenye karakana naye alisema ukweli wake: wateja hupunguza bei mpaka ya mwisho, na jirani yake upande wa pili wa barabara hugeuza pikipiki kwa siku moja. Mwenzetu mwenyewe alikiri alipigania bei na akataka haraka, maana watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ada.

Tulirudi tukiwa kimya ndani ya gari. Katikati ya njia mchomeleaji wetu mkubwa akasema jambo ambalo tungependa kuliacha nje ya ukurasa huu, lakini tumekubaliana liandikwe. Alisema, "Na kinga ya mnyororo wa miwa?"

Mnyororo ule uliomkata mwenzetu ulikuwa na kinga ya bamba. Iliondolewa msimu ule ili miwa ikikwama itolewe upesi, kwa sababu kila zamu ilikuwa na tani zake, na zamu isiyofikisha tani ilikosa nyongeza. Ikaegemezwa ukutani. Ilikaa pale wiki nyingi. Tuliipita tukienda kunywa chai. Baada ya ajali mwajiri aliandika katika taarifa yake kwamba ni uzembe wa mfanyakazi, na sisi tulipinga sana, kwa barua, tukashinda. Lakini hatukuandika katika barua yoyote kwamba sisi wa halmashauri ya tawi tulijua kinga iko ukutani, wala kwamba nyongeza ile ya tani sisi ndio tuliokwenda kuidai, na tukaipata, na tukapigiwa makofi mkutanoni.

KAZI YA PILI

Mapatano yalikuwa hivi. Mwenye karakana atatoa vifaa na nafasi. Chama kitatoa wachomeleaji wawili kwa Jumamosi tatu, kwa hiari yao. Kijana hatafukuzwa, na yeye ndiye atakayerudia kazi, huku wengine wanne wakitazama. Mwenzetu ataongeza fedha ya ekseli tu, na hiyo tuliichangia matawini.

Ikapatikana ekseli ya mtumba inayovutwa kwa mnyororo, yenye difu ndani na ngoma za breki pande zote mbili. Jumamosi ya kwanza haikuchomelewa hata tone. Siku nzima ilikuwa ya kuvua, kukwangua na kupima kwa kamba. Vijana walichoka kwa kungoja kuliko ambavyo wangechoka kwa kazi. Vijiti vilikaushwa juu ya jiko la mkaa ndani ya debe. Jumamosi ya pili waliunga, kwanza kwa vipande vya chuma chakavu vya unene uleule, wakavipasua kwa nyundo kuona ndani, mpaka mchomeleaji mkubwa aliporidhika na mkono wa kijana. Ndipo akaruhusiwa kuigusa fremu. Ekseli ilishikwa mahali panne badala ya pawili, na kila mahali paliwekewa bamba la pembetatu. Ya tatu ilikuwa ya breki. Waya mmoja ulifungwa kwenye mizani ya katikati, ili uvute ngoma zote mbili sawa. Wakaijaribu uwanjani kwa kuangalia alama mbili za matairi mavumbini kama zina urefu mmoja. Mara ya tano zikawa sawa. Wakaweka na breki ya kuegesha yenye meno. Mwenzetu akalitupa lile jiwe.

Sanduku walilishusha chini na kulileta nyuma, karibu na ekseli. Hilo tunaomba wenye mashine hizi walizingatie: ya magurudumu matatu ikiwa na gurudumu moja mbele hupinduka kwa urahisi zaidi mzigo ukiwa juu, au ukisogea mbele mahali inapokuwa nyembamba. Magunia manne chini ni salama kuliko mawili juu na mtoto juu yake.

Rangi ilikuwa ya mwisho, baada ya kipimo cha mafuta ya taa na chaki. Chaki ilibaki nyeupe.

Baada ya wiki mbili mwenzetu alirudishwa karakana ili nati zote zikazwe upya, kwa maana chuma kipya hujikalia na nati hulegea. Sasa yeye mwenyewe huzikaza kila mwezi, anavyotandaza gunia na kulala chini ya mashine yake. Anabeba mahindi, saruji, na Jumapili huwapeleka wazee kanisani. Mkono wa mwanawe umepona, ingawa haukunyooka kabisa.

Karakana ina vinyago vitatu. Mwenyewe amekubali kuwalipa vijana kwa siku, kwa kujaribu, na amepandisha bei. Amepoteza wateja. Tulipopita mara ya mwisho tuliona pikipiki nne zimepanga mstari kwa yule jirani wa ng'ambo, na mbele yake moja iliyokwisha, imepakwa rangi nyekundu inayong'aa vizuri sana.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

Kijana aliyechomelea alijua kosa na akalifanya. Mngekuwa ninyi mahali pake, mnalipwa kwa pikipiki moja moja, mngefanyaje?

Tawi letu lilidai nyongeza ya tani bila kuuliza itapatikana kwa njia gani. Katika mkataba wenu wa sasa kuna malipo ya namna hiyo? Someni kifungu chenyewe kwa sauti.

Katika kiwanda au shamba lenu, ni kinga ipi iliyoondolewa na kuegemezwa ukutani, na imekaa hapo tangu lini?